Ukianguka Tena, Usiache Kusali



Kila mtu anayejitazama vema moyoni hugundua kwamba liko kosa moja linalomfuata kuliko mengine yote. Mmoja hushindwa na pombe. Mwingine ni mtu mwema siku zote, lakini akikasirishwa kidogo tu, kinywa chake hutoa maneno yanayochoma kama moto, na pengine mkono wake huinuka juu ya mke au mtoto. Wa tatu hawezi kukaa na habari ya jirani bila kuitembeza nyumba kwa nyumba. Wa nne hudanganya hata pale ambapo ukweli usingemdhuru. Wa tano anapigana na tamaa za mwili, naye huona haya hata kuzitaja. Mazoea mabaya ya namna hii yaitwa kilema cha roho, na jina hilo linafaa sana. Mtu mwenye kilema cha mguu hauachi mguu wake nyumbani anapotoka. Huenda nao sokoni, kazini na kanisani. Vivyo hivyo na kilema cha roho. Na wazee wetu walijua nguvu ya mazoea waliposema: mchovya asali hachovyi mara moja.

Tazameni basi yanayompata baba mmoja mwenye kilema cha ulevi. Jioni moja anapiga magoti kando ya kitanda, anamwomba Mungu amwondolee tamaa ya pombe, anainuka na moyo mwepesi. Majuma mawili yanapita vizuri. Siku ya mshahara inafika, rafiki wanamwita kwa jina, na usiku wa manane mke na watoto wanamsikia akirudi, akigonga mlango kwa teke. Kesho yake anaona haya, anasali tena. Mwezi unaofuata anaanguka tena. Baada ya mara kumi au ishirini, wazo jipya linamwingia: «Nimeomba, Mungu hakunisikia. Ndivyo nilivyoumbwa. Kusali kwangu ni unafiki tu.» Hapo anaacha kwanza sala ya jioni. Baadaye anaacha kuungama, maana anaona haya kumwambia padri maneno yale yale. Mwishoni anaacha hata Misa ya dominika.

Hebu tupime hasara yake. Kilema kilikuwa kimemwibia fedha, afya na amani ya nyumba. Sasa kimemwibia na mlango wa kutokea. Hasara hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, wala si pombe iliyoileta, bali ni kukata tamaa.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja tu, nalo tunataka liingie katika kila nyumba: sala ya kuomba kuwekwa huru si mali ya watu waliokwisha kushinda. Ni chakula cha watu walio bado vitani. Mwenye kuanguka ndiye anayeihitaji, na siku aliyoanguka ndiyo siku anayoihitaji zaidi.

Sala yenye mioyo miwili

Kabla ya kusema kwamba Mungu hasikii, yafaa kujiuliza tunaomba kwa moyo wa namna gani.

Mtakatifu Augustino alikuwa mtoto wa Afrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, mahali paitwapo leo Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Alikuwa na akili nyingi, akasoma Karthago, akafundisha Roma na Milano. Lakini tangu ujana wake alifungwa na tamaa za mwili. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza wazi, bila kujificha, jinsi alivyosali siku zile. Alimwomba Mungu usafi wa moyo, lakini ndani yake alitamani jibu likawie. Aliogopa kwamba Mungu angemsikia upesi na kumponya ugonjwa ambao yeye mwenyewe bado aliupenda.

Kumbe, ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu wanaosali hivyo! Midomo inasema, «Bwana, niondolee», na moyo unasema kwa sauti ndogo, «Lakini si kabla ya sikukuu.» Tunamwomba Mungu avunje mnyororo, huku tumeushika kwa mikono miwili asiuchukue.

Tena tuangalie jambo hili: Augustino hakudharau sala ile ya nusu baada ya kuongoka. Aliiandika ili wote waisome, na anaonyesha kwamba hata wakati ule Mungu alikuwa akimfuata. Moyo wake ulichukua miaka mingi mpaka kuwa mmoja. Mwaka 386, katika bustani moja huko Milano, baada ya machozi mengi, alikubali kuachilia. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Askofu Ambrosio akambatiza. Baadaye alikuwa askofu wa Hipona, tena mmoja wa walimu wakubwa wa Eklezia.

Basi, ukiona kwamba unaomba kwa moyo nusu, usiache kuomba. Sema kweli yote mbele ya Mungu: «Bwana, sehemu moja ya moyo wangu yataka kuponywa, na sehemu nyingine haitaki. Nakuletea zote mbili.» Sala hiyo haina unafiki hata kidogo. Mnafiki ni yule anayejifanya kutaka. Anayekiri kwamba hataki vya kutosha amekwisha kuanza kusema kweli, na penye kweli Mungu hupata mahali pa kusimama.

Kibarua wa Dublin

Sasa twende Ulaya, kwa mtu asiyekuwa na elimu wala cheo. Jina lake Matt Talbot. Alizaliwa katika mji wa Dublin, nchi ya Ireland, tarehe 2 Mei 1856, katika jamaa maskini yenye watoto wengi. Alisoma shuleni kwa muda mfupi tu. Alipokuwa na miaka kama 12 aliwekwa kazini kwa wafanya biashara ya vinywaji, na hapo akaanza kuonja. Aliyeanza kwa kuonja akawa mlevi angali kijana. Baadaye alifanya kazi bandarini, kisha akawa kibarua wa waashi, akiwabebea matofali na chokaa.

Alikuwa hodari wa kazi, lakini mshahara wake wote uliishia katika baa. Zilipokwisha fedha, aliweka rehani hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla maskini mmoja aliyekuwa akipiga muziki ili apate chakula, wakaiuza wakanywa. Mambo hayo yaliendelea mpaka alipokuwa na miaka 28.

Mwaka 1884, jumamosi moja, Matt alikuwa hana fedha, kwa kuwa juma lile hakufanya kazi. Alisimama karibu na baa akingoja wenzake watoke kazini na mishahara yao. Mara nyingi alikuwa amewanywesha kwa fedha yake, akafikiri leo watamkumbuka. Wakapita. Wengine walimsalimu, hakuna aliyemwambia, «Karibu.» Uchungu ukamshika. Akarudi nyumbani, naye hakuwa amelewa, mpaka mama yake akashangaa kumwona mapema hivyo. Akamwambia mama kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama yule alikuwa amesikia ahadi nyingi. Akamjibu aende kwa jina la Mungu, ila asiiweke kama hana nia ya kuishika.

Matt akaenda kwenye seminari iliyokuwa Clonliffe, akaungama kwa padri, akaweka ahadi. Ya muda gani? Ya miezi mitatu tu. Kesho yake akapokea Komunyo Takatifu. Miezi mitatu ile ilikuwa mizito mno. Mwili ulidai pombe usiku na mchana, naye aliona kwamba hataweza kuendelea. Hata hivyo, muda ulipokwisha, akairudia ahadi kwa muda mwingine, na baadaye akaiweka kwa maisha yake yote. Hakunywa tena mpaka kufa kwake, yaani muda wa miaka 41.

Alikufa tarehe 7 Juni 1925, siku ya sherehe ya Utatu Mtakatifu, akiwa na miaka 69. Alianguka katika kichochoro kiitwacho Granby Lane, akiwa njiani kwenda Misa. Wale waliomwokota hawakumjua. Walipomfungua nguo katika hospitali, waliona minyororo mwilini mwake. Alikuwa akiivaa kwa siri, kuwa alama ya kwamba amejitoa mtumwa wa Bikira Maria, na kwa kitubio. Eklezia haituagizi sisi tuvae minyororo kama yeye. Lakini Mkristu atafahamu maana yake. Mtu aliyefungwa na chupa alitaka sasa kufungwa na Mungu peke yake. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua moja katika njia ya kutajwa mwenye heri na mtakatifu.

Sala yenye miguu

Katika maisha ya kibarua huyu tupate mafundisho manne.

La kwanza: aliomba na kuahidi kwa kipimo kidogo. Miezi mitatu. Angesema siku ile ile, «Sitakunywa maisha yangu yote», huenda uzito wa neno hilo ungemvunja kabla ya juma kwisha. Bwana wetu alipotufundisha kusali alituagiza tuombe mkate wa leo, si wa mwaka mzima. Na neema vilevile hutolewa siku kwa siku. Ni nani awezaye kubeba leo vita vya miaka 40 inayokuja? Omba nguvu ya leo mpaka usiku. Kesho utaomba ya kesho. Bandu bandu huisha gogo.

La pili: alijiepusha na nafasi za dhambi. Yasemwa kwamba Matt aliacha kabisa kutembea na fedha mfukoni, asipate cha kununulia pombe kishawishi kitakapomjia. Twajua watu wanaosali rozari asubuhi waache lutuku au kasiksi, na jioni wanapita kwa hiari mlango wa yule mama anayepika. Je, sala yao ni mbaya? La, ni nzuri, lakini haina miguu. Mwenye kuomba aongozwe mbali na kishawishi yampasa abadili njia ya kurudia nyumbani. Siku ya mshahara, mkabidhi mkeo bahasha kabla hujaketi na rafiki. Mwenye kilema cha hasira atoke nje ya nyumba anapoona damu inachemka, arudi imepoa. Mwenye kilema cha macho asikae peke yake usiku na simu mkononi.

La tatu: aliijaza nyumba. Yezu alisimulia habari ya pepo aliyetoka ndani ya mtu, kisha akarudi, akaikuta nyumba imefagiwa lakini tupu. Akaingia pamoja na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Pombe ilipotoka, Matt hakuiacha jioni yake iwe tupu. Saa alizokuwa akikaa katika baa alizikaa kanisani. Aliamka mapema sana apate kusikia Misa kabla ya kazi. Na huyu aliyesoma kidogo alijitahidi kusoma vitabu vya dini, polepole, akiuliza maneno asiyoyajua. Basi, ukiacha jambo baya, usibaki umekaa tu na nafasi tupu. Jiulize: Saa ile nitafanya nini? Nitakuwa na nani? Jiunge na waimbaji, lima bustani, fundisha mtoto wako kusoma.

La nne: alilipa. Alirudisha madeni ya pombe katika baa alizokopa. Yule maskini wa fidla alimtafuta kwa miaka. Asipomwona, akatoa fedha zisomwe Misa kwa ajili yake. Wivu, uchongezi, ulevi na hasira huacha majeraha kwa watu wengine. Sala inayoomba Mungu aniponye mimi, bila kumtazama niliyemjeruhi, bado ni sala changa.

Hapa tuongeze neno moja la lazima. Ulevi wa siku nyingi ni ugonjwa wa mwili pia. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiiacha pombe ghafula, mwili wake waweza kutetemeka, akili kuchanganyikiwa, akashikwa na degedege, hata akafa. Kwa hiyo aende kwa mganga wa hospitali au wa zahanati, aseme kweli yote juu ya kiasi anachokunywa. Kwenda hospitali si kukosa imani. Mungu aliyeumba neema ndiye aliyeumba na akili ya waganga. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na mnyororo usipokatika?

Labda msomaji mmoja atasema: «Hayo ni mazuri, lakini mimi nimefanya yote. Nimeomba, nimeungama, nimekimbia nafasi, nami bado naanguka.» Ndugu huyo tumpe habari ya mtu wa tatu, naye ni wa kwao hasa.

Mark Ji Tianxiang alizaliwa mwaka 1834 katika nchi ya China, katika jamaa ya Kikristu. Alikuwa mganga, akiheshimiwa sana, na maskini aliwatibu bure. Siku moja alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akatumia afyuni kutuliza maumivu. Dawa ile ilimkamata asiweze kuiacha. Akaenda kuungama. Akaanguka. Akaungama tena, akaanguka tena. Mwishoni padri aliona kwamba mtu anayeungama jambo lile lile mara nyingi hivyo hana kusudi la kweli la kujirudi, akamnyima maondoleo mpaka atakapoacha afyuni. Siku zile watu wachache walijua kwamba kufungwa na afyuni ni ugonjwa.

Mark hakuweza kuacha. Kwa muda wa miaka 30 hivi hakupokea Kitubio wala Komunyo. Wapenzi, hebu fikirini: miaka 30 akiwatazama wenzake wakiikaribia meza ya Bwana, yeye akibaki nyuma, na kila mtu akijua sababu! Nani angemlaumu kama angeacha kwenda kanisani? Lakini hakuacha. Aliendelea kuja Misa na kusali. Na kwa kuwa aliona hataweza kuushinda ulevi wake, aliomba neema ya kufa shahidi, apate kumfikia Mungu kwa njia hiyo.

Mwaka 1900 ulitokea uasi wa Waboxer, waliowachukia wageni na Wakristu. Mark alikamatwa pamoja na watu wa jamaa yake. Walipopelekwa kuuawa, aliomba jambo moja: auawe wa mwisho, asibaki hata mmoja wa jamaa yake akifa peke yake. Alisimama karibu na kila mmoja wao, akiimba litania ya Bikira Maria, mpaka zamu yake ikafika. Ilikuwa mwezi wa Julai. Tarehe 1 Oktoba 2000, Papa Yohane Paulo II alimtaja mtakatifu pamoja na mashahidi wengine wa China, jumla yao 120.

Kadiri tujuavyo, mtakatifu huyu hakuponywa afyuni yake. Aliomba kuwekwa huru, na mnyororo haukukatika. Je, sala yake ilipotea? La, hasha! Miaka 30 ya kusali katika aibu ndiyo iliyomfanya awe tayari siku ile moja. Mtu aliyezoea kumwendea Mungu mikono mitupu hakuogopa alipomwendea na damu yake. Hata mtume Paulo alikuwa na mwiba mwilini, akamsihi Bwana mara tatu autoe. Akajibiwa kwamba neema itamtosha.

Leo Eklezia inasema wazi neno la faraja juu ya watu wa namna hii. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya moyo yaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, hata pengine kuiondoa. Si kusema kwamba ubaya umekuwa wema. Ni kusema kwamba Mungu hupima mzigo pamoja na nguvu za mbebaji. Basi, usikimbie kiti cha maungamo kwa sababu dhambi ni ile ile. Mgonjwa hamwambii mganga, «Samahani, homa yangu ni ile ya jana.» Ukienda ukiwa na kusudi la kweli la kupigana, hata kama unaogopa kwamba utashindwa, kusudi hilo latosha. Kuogopa kuanguka si kutaka kuanguka.

Ninyi mnaokaa naye

Kilema cha mmoja huumiza nyumba nzima. Mama mwenye mume mlevi, mtoto mwenye baba mkali, wazazi wenye kijana mwizi: nanyi mna sala yenu. Mfano wenu ni Mtakatifu Monika, mama yake Augustino, aliyesali na kulia kwa miaka mingi kabla mwanawe hajabatizwa.

Msimcheke mtu anayejaribu. Akisema, «Leo nimeacha», msimjibu, «Tumezoea kusikia.» Neno hilo laweza kumrudisha alikotoka. Mkumbuke mama yake Matt Talbot: hakumdhihaki mwanawe wala hakumdanganya kwamba kazi ni nyepesi, alimpeleka kwa jina la Mungu, akamtaka aseme kweli. Akishinda siku tatu, mshukuruni Mungu pamoja naye kwa siku tatu.

Lakini kusali kwa ajili ya mtu si kumpa ruhusa ya kuwaumiza. Mama anayepigwa na watoto wanaoachwa na njaa wana haki ya kulindwa. Mama huyo aende kwa wazee wa jamaa, kwa padri, kwa wakubwa wa serikali. Naye akijiweka mahali salama pamoja na watoto, hajavunja uvumilivu wa Kikristu. Atasali vizuri zaidi huko kuliko chini ya fimbo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wazima tu. Uongo mdogo kwa mwalimu, kunakili kazi ya mwenzako, uvivu wa kila asubuhi, ni mche ambao mtoto aweza kuung'oa kwa mkono mmoja. Ukiisha kuwa mti, utahitaji shoka na miaka mingi. Anzeni sasa.

Kanuni ya juma hili

Kwa kuwa neno lisilotendwa husahauliwa, tunawapa kanuni fupi ya siku saba.

Asubuhi, kabla ya kutoka, taja mbele ya Mungu kilema chako kimoja, kwa jina lake. Usiseme, «Niondolee dhambi zangu», ukapita. Sema, «Hasira yangu», «Pombe», «Ulimi wangu». Adui asiye na jina hapigwi. Omba nguvu ya siku hiyo moja. Kisha chagua hatua moja ya miguu: njia utakayoiacha, mtu utakayemwepuka, saa utakayoijaza na kazi njema.

Kishawishi kinapokuja, usianze kubishana nacho, maana kina maneno mengi kuliko wewe. Litaje jina la Yezu, uondoke mahali pale.

Jioni, tazama siku yako. Ukishinda, shukuru. Ukianguka, usingoje kesho wala jumamosi ya maungamo ndipo usali. Sali pale pale, hata kama kinywa bado chanuka pombe. Toba ya usiku ule ni bora kuliko hotuba nzuri ya juma lijalo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tena, mtafute mtu mmoja wa kumwambia kweli: padri, rafiki mwaminifu, au mwenzi wako wa ndoa. Kilema hupenda giza, na nusu ya nguvu yake hupotea siku kinapotajwa mbele ya mtu anayekupenda.

Wasiojua waanzie wapi, wasali hivi:

Bwana Yezu, wewe walijua jina la kilema changu, nami leo nalitaja mbele yako. Nimekuahidi mara nyingi, nikavunja. Sikuletei ahadi ya miaka. Nakuletea siku hii moja. Sehemu ya moyo wangu inayotaka kuponywa, itie nguvu. Sehemu isiyotaka, ilainishe. Nionyeshe mlango wa kutokea, unipe miguu ya kuupita. Wale niliowaumiza, uwaponye, unifundishe kuwalipa. Ukitaka kuukata mnyororo leo, nitakushukuru. Ukitaka niubebe bado, usiniache niubebe peke yangu. Maria, Mama wa wakosefu, niombee sasa na katika saa ya vita. Amina.

Na ukianguka kesho, sali sala hii tena kesho.